Shingo na Uso Kuganda kwa Baridi Ukiwa Kwenye Pikipiki: Tafuta Chanzo Kabla ya Kuongeza Nguo

Malalamiko ya waendesha pikipiki msimu wa baridi kali hufanana sana. Upepo unaingia kooni. Kidevu kimekufa ganzi. Kioo cha helmeti kimejaa ukungu. Skafu imelowa pumzi na sasa inaumiza kuliko kukaa bila kitu. Na karibu kila mtu hukimbilia dawa ileile: anavaa nguo nyingine juu ya ile iliyoshindwa. Mara nyingi haisaidii, kwa kuwa nguo hazikuwa chache. Kulikuwa na upenyo mdogo unaopitisha upepo, au unyevu uliokwama usoni. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini tunaanza na upenyo, tunafuata unyevu, na unene wa nguo tunauangalia mwisho.

Kwanza tuupe upepo hesabu yake. Hewa ikiwa nyuzi 10 za Selsiasi nawe unakwenda kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi hupoteza joto kana kwamba ni nyuzi 5. Hewa ya nyuzi 5 kwa mwendo wa kilomita 80 inafika kama nyuzi 3 chini ya sifuri. Ikiwa sifuri kwa mwendo huohuo, ni kama 10 chini ya sifuri. Haya ni makadirio ya kanuni ya baridi ya upepo ambayo Kanada na Marekani zilianza kuitumia mwaka 2001. Kanuni hiyo ilitengenezwa kwa kumfikiria mtu anayetembea kwa miguu, kwa hiyo juu ya pikipiki, ambako upepo unakupiga usoni moja kwa moja, hali inaweza kuwa kali zaidi. Lakini kumbuka kwamba inahusu ngozi tupu. Ukiufunika mwili wote vizuri ukaacha upenyo wa upana wa kidole kati ya kola na helmeti, kipande hicho cha ngozi ndicho kitakachobeba baridi yote hiyo.

Upepo unaingia shingoni ingawa umejifunika

Sababu inayoongoza ni kwamba vazi lilijaribiwa mtu akiwa amesimama. Ukisimama wima mbele ya kioo, kola inakutana na helmeti vizuri tu. Ukishika usukani na kuinua kidevu ili uone mbele, koo linafunguka. Ukigeuza shingo kuangalia nyuma kabla ya kubadili njia, upande mmoja unachomoka. Basi vaa kila kitu, panda pikipiki ikiwa imesimamishwa, shika usukani kama uko safarini, kisha geuza kichwa kushoto, kulia, juu na chini. Mwombe mtu apitishe kidole kuzunguka shingo yako. Kidole chake kikigusa ngozi, upepo nao utaigusa. Suluhisho ni kitambaa kirefu zaidi, hasa kile chenye ulimi unaoshuka hadi kifuani na mgongoni ndani ya jaketi, maana hakichomoki hata ukijinyoosha.

Sababu ya pili ni kitambaa kinachopitisha upepo. Flisi, kile kitambaa chenye manyoya mafupi, ni laini na ina joto, lakini upepo unapita katikati yake bila shida. Iweke mdomoni, pulizia kwa nguvu, na weka kiganja upande wa pili. Ukiisikia pumzi yako kiganjani, ujue hewa ya mwendo wa barabara kuu itapita kwa urahisi zaidi. Unahitaji tabaka la kuzuia upepo kwa mbele, kooni na kidevuni. Nyuma ya shingo kitambaa chepesi kinatosha, na hapo ni vizuri kiwe kinapumua ili jasho litoke.

Halafu kuna tyubu ya shingo, kitambaa cha mviringo kinachovaliwa kwa kupitisha kichwa, inayoshuka yenyewe. Huwa imelegea kwa kuchoka, au ilivaliwa baada ya helmeti badala ya kabla. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: tyubu au balaklava kwanza, ipandishwe juu ya taya na kisogo, kisha helmeti iishikilie, na jaketi lifungwe mwisho. Balaklava, yaani kofia inayofunika kichwa na shingo na kuacha macho tu, mimi naiona bora kuliko tyubu kwa safari ndefu, kwa sababu haina mahali pa kushukia.

Ikiwa bado kuna upepo, angalia zipu ya jaketi kwa juu. Zipu nyingi hazina kipande cha kitambaa nyuma yake, na meno ya zipu hupitisha hewa mstari mzima. Weka kizuizi cha kifua ndani.

Mwisho kabisa, chunguza kioo cha upepo cha pikipiki. Kioo kifupi kinaweza kuuelekeza upepo chini ya kidevu chako. Kwenye barabara tupu iliyonyooka, mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani, jinyanyue kidogo kisha jishushe kidogo kwenye siti. Mahali upepo unapobadilika ghafla ndipo ukingo wa mkondo ulipo. Ukiona nafuu kwa kujishusha, kioo kirefu zaidi kitasaidia. Ukiona nafuu kwa kujinyanyua, afadhali kioo kishuke.

Maonyo mawili hapa hayana mjadala. La kwanza, usivae skafu ndefu yenye ncha zinazopepea. Mwaka 1927 mjini Nice, Ufaransa, mcheza dansi Isadora Duncan alikufa baada ya skafu yake kunaswa na gurudumu la gari alilopanda. Pikipiki nayo ina magurudumu na mnyororo vilivyo wazi. La pili, kitambaa kinene kisikae chini ya mkanda wa kidevuni wala kisiibane helmeti isishuke mahali pake. Funga mkanda, kisha shika helmeti kwa nyuma na uisukume juu kuelekea mbele. Ikianza kuvuka kichwa, vua kitambaa hicho na utafute chembamba. Hakuna joto linalostahili kulipiwa kwa helmeti inayotoka kichwani.

Kidevu, pua au mashavu yanakufa ganzi

Kwa helmeti inayofunika uso wote, anza na tundu la hewa la kidevuni. Wengi hulifungua wakati wa joto wakalisahau. Lifunge, uende umbali mfupi, uone tofauti. Kisha pitisha mkono chini ya kidevu: je, kuna pazia la kidevu, kile kitambaa kidogo kinachoziba nafasi kati ya helmeti na koo? Mara nyingi huja na helmeti mpya na kuachwa kwenye boksi. Kipande hicho kidogo hupunguza upepo wa uso kuliko nguo yoyote unayoweza kununua, na ningeanza nacho kabla ya kutumia hata senti moja.

Kama hayo yako sawa, kagua mpira unaozunguka nafasi ya kioo. Funga kioo, chukua karatasi nyembamba, ibane kati ya kioo na mpira sehemu mbalimbali, kisha ivute. Ikitoka bila kukwama mahali fulani, hapo pana upenyo. Helmeti nyingi zina skrubu pembeni za kusogeza kioo karibu na mpira; legeza kidogo, sogeza, kaza. Mpira uliopasuka au kukauka ubadilishwe.

Kwa helmeti iliyo wazi usoni, ukweli ni kwamba kitambaa peke yake hakitakuvusha baridi kali kwa mwendo mkubwa. Itafika siku utahitaji helmeti nyingine.

Sasa jambo la hatari. Ganzi ikiambatana na ngozi kupauka, kuwa nyeupe au ya kijivu, na kuwa ngumu ukiigusa, ngozi inaanza kuganda. Hilo halitokei hewa ikiwa juu ya sifuri, hata upepo uwe mkali namna gani, lakini chini ya hapo pua na mashavu huwa ya kwanza. Simama. Ingia ndani au kaa mahali pasipo upepo, weka kiganja chenye joto juu ya sehemu hiyo bila kuisugua. Usisugue kwa theluji, usisogelee moto wala hita, kwa maana ngozi iliyokufa ganzi huungua bila wewe kujua. Hisia zikirudi haraka na rangi ikarejea, umeponea chupuchupu. Zisiporudi, au malengelenge yakitokea, au ngozi ikawa nyeusi, nenda hospitali, na usiipashe moto sehemu hiyo ikiwa kuna uwezekano wa kuganda tena njiani.

Kioo kinajaa ukungu kila unapofunika pua

Hili ndilo tatizo linalowafanya watu wavue kila kitu na kukubali kuganda. Pumzi unayotoa ina joto na imejaa mvuke. Ikigusa kioo baridi, mvuke unageuka matone. Kazi yako ni ama kuielekeza pumzi kwingine, ama kulifanya tabaka la ndani la kioo lisipoe.

Simama na helmeti kichwani, kioo kikiwa kimefungwa, upumue kawaida. Tazama ukungu unaanzia wapi. Ukianzia chini, karibu na pua, pumzi inapanda juu moja kwa moja. Kisa cha kawaida kabisa ni kitambaa chenyewe: kimefunika pua na mdomo, hakipitishi hewa mbele, kwa hiyo pumzi inatafuta njia kando ya pua na kupanda kwenye kioo. Shusha kitambaa hadi kiwe chini ya matundu ya pua, au tumia kile chenye vitundu mbele ya mdomo. Wengine hutoboa vitundu wenyewe. Sawa, mradi viwe mbele ya mdomo.

Halafu kagua kizuia pumzi, ule mpira laini unaokaa juu ya pua ndani ya helmeti. Ukiwa umechomoka au umeinama, pumzi yote ya pua inapanda. Urudishe, uinamishe taratibu ufuate umbo la pua yako, kisha rudia kipimo kilekile.

Ukungu ukitanda kioo chote kwa pamoja, pengine umeziba kila kitu na unyevu hauna pa kutokea. Hapa ndipo ushauri wa kufunga matundu una mipaka yake. Acha tundu la juu na la nyuma wazi kidogo. Tundu la kidevuni katika helmeti nyingi lina njia mbili, moja kwenda mdomoni na nyingine kwenda kwenye kioo. Ukiweza kuchagua, tumia ya kioo. Unaposimama kwenye taa za barabarani, fungua kioo kwa hatua moja tu, ukifunge unapoondoka.

Uchafu nao husaidia ukungu kushika. Osha kioo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kausha kwa kitambaa laini. Usitumie petroli, spiriti wala dawa ya vioo vya madirisha yenye amonia. Vioo vingi vya helmeti ni plastiki aina ya polikaboneti, na kemikali hizo huidhoofisha na kuitia nyufa. Tabaka jembamba la sabuni lililofutwa hadi lisionekane huzuia ukungu kwa muda, lakini lisipakwe kwenye kioo cha pili cha ndani.

Hicho kioo cha pili, ambacho watu wengi wanakijua kwa jina la Pinlock, ndicho suluhisho ninaloliamini kuliko yote. Ni karatasi ya plastiki inayobanwa kati ya vipini viwili ndani ya kioo, ikiacha tabaka la hewa iliyofungwa katikati. Hewa hiyo huzuia upande wa ndani usipoe. Kikiwa na ukungu *katikati* ya vioo viwili, ukanda wa silikoni wa kuzunguka haugusi kioo pande zote. Utazame dhidi ya mwanga: unapaswa kuona mstari usiokatika. Ukikatika, zungusha vipini kidogo kidogo, vyote viwili sawasawa, hadi mstari ukamilike. Ukikaza kupita kiasi, kioo cha ndani hujikunja. Kama mstari umekamilika na ukungu bado unaingia, kibadilishe. Kikiwa na ukungu upande wa uso wako baada ya safari ndefu ya mvua, kimeshiba unyevu tu. Kikaushe kwenye hewa ya kawaida ya chumba, mbali na hita, wala usikifute kwa kitambaa kikavu kwa sababu hukwaruzika upesi.

Ukungu ukikupofusha ukiwa safarini, usijaribu kufuta kwa glavu huku unaendesha. Punguza mwendo, fungua kioo, toka barabarani kwa usalama.

Kwa wenye miwani, mambo ni yaleyale, isipokuwa miwani hupata ukungu kabla ya kioo. Ukiwa umefunika pua, hakikisha ukingo wa kitambaa unapita chini ya miwani na unabana juu ya pua.

Kitambaa kinalowa na kuwa baridi kuliko kutovaa

Tazama lebo kwanza. Pamba hunyonya maji na kuyashikilia, na maji hubeba joto la ngozi haraka mno. Pamba haifai mdomoni wala shingoni msimu wa baridi. Sufu laini kama ya kondoo wa merino huendelea kutoa joto hata ikiwa na unyevu, na polista nyembamba hukauka upesi. Hariri ni nzuri kwa chini ya helmeti inayobana kwa vile haina unene.

Kama ni kitambaa kizuri na bado kinalowa, beba cha pili kikavu mfukoni na ubadilishe unapopumzika. Inaonekana ni ushauri mdogo, ila kwa safari ya saa kadhaa sijaona kinachoushinda. Wenye ndevu ndefu watauhitaji zaidi, maana ndevu hushika unyevu wa pumzi na kukilowesha upya kitambaa kikavu kilichovaliwa sasa hivi.

Ikiwa kinacholowa ni shingo wakati wa mvua, angalia kitambaa kimechomoza wapi. Ukingo ulio nje ya kola hunyonya mvua na kuishusha hadi kwenye fulana. Dakika chache tu kifua kimelowa. Kitambaa kinachonyonya kiishie chote ndani, na kola ya koti la mvua iwe ya nje kuliko kila kitu.

Macho yanatiririka, midomo inapasuka, paji la uso linauma

Macho hutoa machozi kwa sababu ya upepo mkavu. Funga kioo kabisa au tafuta ule upenyo wa mpira tuliouona. Midomo ipake mafuta mazito kabla ya kuvaa, na usiilambe. Maumivu ya paji la uso mara nyingi ni tundu la juu la helmeti lililo wazi, ama balaklava nene inayoifanya helmeti ibane. Ukiivua na alama nyekundu ikabaki kwenye paji, ni kubana.

Shingo imekaza, au uso haukutii

Shingo inayouma baada ya safari ya baridi kwa kawaida imechoshwa na misuli iliyojikunja muda wote, mabega yakiwa yamepanda hadi masikioni. Joto, mapumziko na kuinyoosha taratibu huitosha. Mtikisiko wa helmeti kwenye upepo wa fujo huongeza uchovu huo, na hapo tunarudi kwenye kioo cha upepo.

Lakini dalili zifuatazo msizitibu kwa skafu. Shingo ngumu yenye homa, kichwa kuuma sana na macho kukataa mwanga inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Nenda hospitali mara moja. Upande mmoja wa uso ukilegea, jicho likakataa kufumba au mdomo ukapinda, usikubali kuambiwa kwamba ni upepo tu na utapita. Linaweza kuwa tatizo la mshipa wa fahamu wa uso, ambalo dawa zake hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa 72, na linaweza kuwa kiharusi, ambacho hakisubiri hata saa moja. Ulimi mzito au mkono kuishiwa nguvu pamoja na uso kulegea: piga simu ya dharura, usiendeshe.

Vipele vinavyowasha na kuvimba kila ngozi inapopigwa na baridi ni mzio wa baridi. Mwone daktari kabla ya safari nyingine. Midomo au koo likivimba, ni dharura. Na mwenye pumu anayebanwa kifua kwenye hewa baridi afunike pua na mdomo, abebe dawa yake ya kuvuta mahali anapoifikia haraka, na asimame anapoanza kubanwa.

Kola ya umeme haipati joto, au inachoma

Angalia fyuzi, kisha viunganishi vya waya kama vina kutu au vimelegea, kisha nguvu ya betri. Fyuzi inayoungua tena na tena ipelekwe kwa fundi umeme. Usiweke kubwa zaidi, wala usiiruke kwa waya. Kola yenye betri yake ndani ikivimba, acha kuitumia. Kola iliyo nzima ivae juu ya kitambaa chembamba na si kwenye ngozi tupu, na uanze na kiwango cha chini, kwani shingo yenye ganzi haitakuonya inapoungua.

Umeziba kila kitu na bado baridi haiondoki

Hapa chanzo hakiko shingoni tena. Mwili wote unapoteza joto kuliko unavyolitengeneza, na uso unakupa taarifa tu. Ongeza joto la kifua na tumbo: vizibao, kizuizi cha upepo chini ya jaketi, chakula kabla ya kuondoka, na vituo vya mapumziko vilivyopangwa badala ya vile unavyolazimishwa.

Ukianza kutetemeka bila kuweza kujizuia, vidole vikishindwa kubana breki au klachi vizuri, ukawa unakosea mambo madogo kama kusahau kuzima taa ya ishara, joto la mwili linashuka. Chini ya nyuzi 35 ni hali ya hatari, na uamuzi wako wenyewe huwa wa kwanza kuharibika, ndiyo maana unatakiwa kusimama mapema kabla hujajishawishi kwamba umebakiza kidogo tu. Ingia ndani, vua vilivyolowa, jifunike kavu kuanzia kifuani, kunywa kitu cha moto chenye sukari kama una fahamu kamili, na usinywe pombe. Mwenzako akiacha kutetemeka huku mwili wake bado ni wa baridi, akizungumza kwa kukokota au kusinzia, mlaze kwa uangalifu, mfunike pamoja na kichwa na shingo, piga simu ya dharura na usimwache peke yake hadi msaada ufike.